Koili ya meshi inawaka juu peke yake, shida iko wapi?

Swali: Mambo fundi, niko Umoja, Nairobi. Natengeneza koili ya vepu yangu (sigara ya umeme). Nimekunja utambi wa meshi ya stili, ule wa kupandisha juisi ya vepu, nikazungushia Kanthal (waya wa kupasha moto) mara tano, lakini nikibonyeza ni mzunguko wa juu tu unawaka, mingine giza. Omu (kipimo cha ukinzani wa waya) zinarukaruka na ladha ni ya kuungua. Waya ni mbovu?

Jibu: Waya haina makosa ndugu yangu, hiyo ni shoti. Meshi ni chuma na imepita kwa tundu la deki, ile sahani ya chuma inayoshika koili juu ya tangi la juisi, na deki ndio upande wa negativu, kwa hivyo mzunguko wa juu ukigusa meshi mahali hapajashika oksidi (ngozi nyembamba isiyopitisha stima, inayotokea meshi ikichomwa), stima haina haja ya kuzunguka koili yote, inaingia kwa meshi na kushuka moja kwa moja hadi deki. Ndio maana unaona kale kawaya ka kutoka pozitivu kanawaka na huku chini kumelala.

Kinachotenganisha koili na meshi ni oksidi tu, na hapo ndipo watu huharakisha. Chukua meshi 400, yaani matundu 400 kwa inchi, ipitishe kwa tochi ya gesi pande zote mpaka iwe nyekundu, ipoe, halafu ndio uikunje kwa sindano ukiacha nafasi katikati, kisha uichome tena ikiwa imekunjwa. Mimi huidondoshea juisi nikaiwasha, narudia hivyo mpaka iwe nyeusi kote. Lakini tafadhali, isiwe wavu wa hadweya uliopakwa zinki, moshi wake ukiuchoma ni sumu! Chujio la chai nalo matundu ni makubwa, juisi haipandi.

Koili usiizungushie juu ya meshi ukiikaza waya, utakwaruza oksidi na urudi mwanzo. Izungushe kwa biti ya drili ya milimita 3 halafu uivishe utambi, iguse tu bila kukaba. Kanthal ya milimita 0.25 ina karibu omu 30 kwa mita, so mizunguko mitano pamoja na miguu inafika kama omu 1.6, ukipata chini sana ya hapo jua shoti bado iko. Bonyeza kidogokidogo kwa wati chache, ukiona pahali panatangulia kuwaka achilia, ngoja ipoe, usukume huo mzunguko na kijiti cha meno mpaka zote ziwake pamoja.

Na kama kifaa chako hakina chipu ya kukata stima, pima na multimita kabla ya kuweka betri, kila mara, ziko tele Luthuli Avenue. Omu 0.3 kwa betri iliyojaa volti 4.2 ni ampea 14, na betri ya 18650 iliyotolewa kwa laptopu kuukuu sitakuruhusu uijaribu hapo hata kama uliipata bei poa.

Ikishawaka sawa na bado ladha ni ya kuungua, basi utambi umeziba tundu, hewa haiingii kwa tangi na juisi inakwama huko chini. Kata meshi iwe nyembamba kwa mkunjo mmoja.