Barua kwa mwanangu: kuhusu hizo zamu tatu

Mwanangu,

Picha za wajukuu nimeziangalia mpaka simu ikazima chaji. Umeniuliza, siku 100 za likizo ya mapacha zikiisha, urudi wodini serikalini kuuguza kama zamani au uache kazi, ushike zamu tatu kwa wiki kwenye hospitali ile binafsi jirani na kwako. Baba yako kaniambia nijibu kwa ufupi. Nitajaribu.

Mgonjwa hana nusu. Hilo unalijua, nimekuimbia tangu uko chuo.

Zamu tatu nilizifanya mimi. Hospitali za biashara zilipigwa marufuku 1977, zikaruhusiwa tena 1991, na tulipohamia Tanga, mwaka ule kaka yako alipoumia mkono, zilikuwa zimeanza kuchipua. Nikapata moja: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, hakuna naiti, yaani zamu ya usiku. Nikajiona mjanja.

Basi Ijumaa moja Matroni anaagwa. Soda, keki, sambusa. Mchango nilitoa kama wenzangu, tena mapema. Ikafika zamu ya picha, wote wamejipanga kwenye ngazi na sare zao, nami najibanza mwisho wa mstari. Mara daktari mkuu ananinyooshea kamera: "Sista, wewe si wa kila siku, hebu tupigie." Nikapiga. Nikapiga na ya pili, maana kwenye ya kwanza mmoja alifumba macho. Nakala walinipa, ninayo kabatini. Baba yako anasema ni picha nzuri, sura zote zinaonekana.

Unaniona? Umeniuliza habari za watoto, nakujibu habari za kamera.

Lakini haikuwa kamera tu. Jambo likitokea wodini Jumanne, mimi nalikuta Jumatano kwenye daftari la ripoti, mistari miwili. Kuna mama nilimwacha Jumatatu, presha inapanda, kanishika mkono hataki niondoke. Narudi, kitanda kimetandikwa. "Alipelekwa Bombo jana." Hospitali ya mkoa. Basi. Mpaka leo sijui kama alijifungua salama. Ndiyo maana nasema mgonjwa hana nusu.

Ila Alhamisi nazo zilikuwepo. Wewe kusoma ulijifunzia barazani, mimi nikichambua mchele, na ni mimi niliyegundua kuwa "b" na "d" zinakuchanganya. Ningekuwa nimelala kwa uchovu wa naiti, nani angeona? Kwa hiyo sikujuta. Hapana, nilijuta, siku ya picha nilijuta sana. Alhamisi sikujuta hata moja.

Jambo la pesa ni fupi. Miaka yako 11 ni michango ya miezi 132, na pensheni inataka 180. Waulize hao wa binafsi kama anayelipwa kwa zamu anakatiwa michango, na wakuandikie kwenye karatasi. Ya mdomoni usiyapokee.

Sasa uchague nini? Jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi. Lakini baba yako kasimama mlangoni, anasema mtoto ni mtu mzima, mwache. Haya, nimenyamaza.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Tutaongea jikoni, yeye akienda msikitini.

Mama yako