Kabla ya Kuziba Ufa, Tafuta Maji: Kwa Mafundi Wanaoanza Nyumba za Mawe Bagamoyo

Wadogo zangu, nyumba za Mji Mkongwe wa Bagamoyo si za tofali mlizozoea. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, nene kiasi cha nusu mita, na sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikandaa, yaani miti ya mikoko, zilizozikwa ncha ndani ya kuta hizohizo. Ukuta ukilowa, boriti inaoza. Boriti ikioza, sakafu inabonyea. Kwa hiyo usishike mwiko kabla ya kujua maji yanaingilia wapi.

Anzia nje. Mara nyingi uchochoro umejazwa kifusi na zege mpaka umepita usawa wa sakafu ya ndani, na maji ya masika yanatuama ukutani. Tazama bati linamwaga wapi na shimo la choo liko umbali gani. Ukiingia ndani, pitisha kiganja chini ya ukuta: unga mweupe unaopukutika ni chumvi iliyopanda na unyevu.

Lipu ya saruji iliyovimba ndiyo inayoniuma zaidi, maana mwenye nyumba ameilipia akiamini anaokoa ukuta. Saruji huufungia unyevu nyuma yake, nao hupanda juu zaidi, hata kufikia boriti. Ibandueni. Ukuta uacheni ukauke, hata kama ni miezi, kisha pigeni lipu ya chokaa iliyozimwa vizuri kwa maji, sehemu 1 kwa mchanga 3. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Funikeni kwa magunia mabichi, kwa sababu jua la huku hukausha chokaa kabla haijashika.

Ufa mwembamba wa lipu usikutishe. Unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha ndio wa kuchunguza. Huenda msingi umetitia upande mmoja. Tia alama ya penseli kwenye ncha zake, pima upana, andika tarehe, urudi baada ya masika. Ukikuta umeongezeka, mwite mhandisi. Msingi ukihitaji kuimarishwa, huchimbuliwa kwa vipande vya kama mita 1, na vipande viwili vinavyopakana havifunguliwi pamoja kamwe. Nimeona watu wakitaka kufukua upande mzima ili wamalize haraka. Hapo ukuta unaweza kuwaangukia.

Boriti ichome kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, imekwisha. Vijia vya udongo juu yake ni vya mchwa. Kabla ya kuitoa, simamisha mirunda juu ya mbao imara, ukaze kwa kabari kidogo kidogo, siku baada ya siku; sakafu iliyobonyea miaka mingi ukiinyanyua kwa ghafla inapasua kuta. Ncha ya boriti mpya iachie nafasi ya hewa, usiizungushie saruji.

Mji Mkongwe ni eneo la hifadhi, kwa hiyo Idara ya Mambo ya Kale ya serikali ihusishwe kabla hamjabomoa chochote. Na mikoko haikatwi bila kibali: mwuzaji wa boriti akishindwa kukuonyesha chake, tafuta mwingine.