Programu ya kimbilio la wanyama: anza na maswali ya siku mbaya

Kabla hujauliza programu ipi ya kompyuta inafaa kwa kimbilio la mbwa na paka, fungua kaye (daftari) mnayotumia sasa na ujaribu kujibu swali hili. Mbwa aliyetoka kwenu mwaka jana akachukuliwa na familia ya komini ya Ruashi amemuuma mtoto leo asubuhi. Alichanjwa lini? Kwa chanjo ya loti gani, yaani fungu gani la kiwandani? Nani anakaa naye, na simu yake ni ipi? Ukipata jibu wakati mama wa mtoto bado amesimama mlangoni, kaye yako inatosha na huna haraka ya kununua chochote. Usipolipata, hapo ndipo mazungumzo ya programu yanaanza.

Mimi nashika rejista katika kimbilio dogo hapa Lubumbashi, upande wa komini ya Annexe. Tuliacha kaye polepole, na sasa viongozi wa vituo vingine hunijia na swali lilelile: «Tununue ipi?» Wengi huja wameshatazama orodha ndefu za vipengele kwenye matangazo: ripoti za rangi, tovuti ya kuonyesha wanyama, barua pepe zinazojituma zenyewe. Mambo mazuri hayo. Lakini kimbilio halianguki kwa kukosa ripoti ya rangi. Linaanguka siku ambayo hakuna anayejua mbwa fulani ni yupi.

Nirudi kwenye lile swali la mtoto, maana lina uzito kuliko mengine yote. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani limekadiria watu 59,000 hufa kwacho kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ileile, hata kama mbwa anajulikana kuwa na chanjo. Mbwa mwenyewe, kama yupo na ni mzima, hufungwa na kuangaliwa kwa siku 10. Siku hizo 10 ni mtihani mzuri wa programu yoyote unayofikiria: je, itakukumbusha kila asubuhi kwamba mbwa huyu yuko chini ya uangalizi, asitolewe, asihamishwe, asipewe mtu? Nikionyeshwa programu mpya, hicho ndicho ninachojaribu kwanza, kabla ya kutazama kingine chochote.

Jambo la pili ninalolitafuta ni namba. Mnyama mmoja, namba moja, tangu anapoingia mpaka anapotoka, na asibadilishiwe hata akirudi baada ya miaka mitatu. Majina hayasaidii. Katika mji huu kila kartie ina akina Simba na Bobi wake, na mbwa wetu wengi ni wa rangi ileile ya udongo, masikio yaleyale, mkia uleule uliopinda. Kwa hiyo namba iandikwe kwenye kola, kwenye mlango wa banda, na kwenye picha mbili: moja ya uso, nyingine ya ubavu wa kushoto, kila mara wa kushoto. Chipu ya chini ya ngozi ni bora zaidi, kama mnaweza kuigharamia. Chagua zenye tarakimu 15 zinazofuata kanuni ya kimataifa ya ISO, ili kisomeo cha daktari mwingine yeyote kiweze kuzisoma. Mahali pa kuandika namba ya chipu pawepo ndani ya programu, na programu ikatae kuipokea namba hiyohiyo kwa wanyama wawili.

Sasa programu zenyewe. Zile zinazotajwa sana, kama Shelterluv na PetPoint, zinakaa mtandaoni na zimejengwa kwa mazingira ya Amerika ya Kaskazini. Ni kazi nzuri kwa waliokusudiwa. Kwetu, kila ukurasa unahitaji mega za intaneti, na shirika la umeme SNEL likikata umeme mtaani, mara nyingi mtandao nao unadhoofika saa hiyohiyo. Fomu zake zinataka jimbo la kule na namba ya posta, vitu ambavyo mtu wa komini ya Katuba hana. Sisemi zikwepwe kabisa. Nasema mjaribu kwa wiki nzima ya kazi ya kweli, pamoja na siku ya delestaji (mgao wa umeme), kabla ya kukubali.

Tulichokichagua sisi ni Animal Shelter Manager, ambayo wengi huiita ASM. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na ukiwa na mtu anayeijua Linux anaweza kuiweka kwenye ordinateri (kompyuta) yenu wenyewe bila kulipa leseni. Watengenezaji pia wanaitunza mtandaoni kwa malipo, kwa wasiotaka shida hiyo. Kilichotuvuta ni kwamba ikiwa ndani ya ordinateri ya ofisini, na ruta ndogo pembeni, simu za wafanyakazi zinaifungua kwa Wi-Fi ya ndani bila intaneti yoyote. Ordinateri ya mkononi na ruta havili umeme mwingi. Betri moja na inveta vinavuka jioni ya giza. Ina Kifaransa, ina sehemu ya chanjo na matibabu, ina rejista ya wanyama waliopotea na waliookotwa, na inafuatilia kila safari ya mnyama: amekwenda kwa mlezi wa muda, amechukuliwa, amerudishwa, ametoroka, ameibiwa.

Kobo je? Huku kwetu kila aliyewahi kufanya kazi na shirika la misaada anaijua Kobo, programu ya kukusanya taarifa kwa fomu za simu, na wengi huniuliza kwa nini tusiitumie hiyohiyo. Ni nzuri mno kwa kampeni. Mkienda kuchanja mbwa katika komini za Kamalondo au Kenya, mnajaza fomu kwenye simu bila mtandao, mnaituma jioni, basi. Fomu unaiandika kwa Kiswahili chako mwenyewe. Ila Kobo imejengwa kukusanya matukio, na kimbilio linahitaji kufuata maisha ya mnyama mmoja kwa miezi. Ukiilazimisha, utaishia na mistari elfu ambayo lazima mtu aiunganishe kwa mkono. Sisi tunaitumia nje ya geti, na ASM ndani.

Na kama mna wanyama chini ya thelathini na mtu mmoja makini, jedwali la Excel au LibreOffice linatosha. Nasema hivi kwa moyo wote, kwa sababu nimeona vituo vidogo vikichoka na programu kubwa hadi wakaacha kuandika kabisa. Jedwali linalojazwa kila siku linalinda wanyama kuliko programu ya fahari iliyolala. Jihadharini tu na ahadi ya kutengenezewa programu yenu wenyewe kuanzia mwanzo. Anayeitengeneza akipata kazi Kolwezi, nani ataitunza?

Kuna marekebisho ambayo lazima yafanywe kabla ya kuingiza mnyama wa kwanza, na hakuna muuzaji atakayekuambia. La kwanza ni tarehe. Programu nyingi zikifunguliwa kwa mpangilio wa Marekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 03/04 inakuwa tarehe 4 Machi badala ya 3 Aprili, na chanjo ya marudio inakosewa bila mtu kushtuka. La pili ni saa: Kongo ina saa mbili, na ordinateri iliyopangwa kwa Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja. La tatu ni majina ya watu. Programu inataka jina la kwanza na la ukoo. Sisi tuna jina, jina la pili na la ubatizo, na mtu yuleyule hujitambulisha leo kwa moja na kesho kwa jingine. Amueni tangu mwanzo mpangilio mmoja, na mtafute mtu kwa namba ya simu kabla ya kumfungulia rekodi mpya. Anwani iwe avenyu, namba, kartie, komini. Komini za Lubumbashi ziko saba tu. Ziwekeni kama orodha ya kuchagua, msiache kila mtu aandike kwa tahajia yake.

Sehemu ya afya ndiyo inayolipa jasho lote. Chukua loti ya chanjo. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na katika mji wa delestaji friji inaweza kuzidi hapo usiku mzima bila mtu kujua. Ukiwa umeandika namba ya loti na tarehe kwa kila mbwa, daktari akitilia shaka chupa fulani unatoa orodha ya waliochomwa kutoka kwenye loti hiyo na mnaamua cha kufanya. Bila hiyo mnabaki kuchanja upya kituo kizima, au mbaya zaidi, kunyamaza.

Banda nalo ni hivyo hivyo. Kila mnyama akihamishwa, andika ametoka banda gani kwenda lipi, na saa. Inaonekana ni usumbufu hadi parvo iingie. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo na sakafu kwa miezi, na mbwa mdogo aliyeambukizwa kwa kawaida huanza kutapika na kuhara ndani ya wiki moja hivi. Historia ya mabanda inakuambia alilala wapi juzi, nani alikuwa jirani yake, na ni watoto gani wa kutenga usiku huu. Nimekaa na daktari mbele ya orodha hiyo mvua ya Januari ikipiga bati, na nakwambia hakuna kipengele kingine cha programu ambacho ningekishika kwa nguvu zaidi.

Lakini yote hayo yanaingizwa na nani? Hapa ndipo vituo vingi hukosea: wanampa kazi kijana wa ofisini anayejua ordinateri, wakati anayemjua mbwa ni mzee anayelisha na mama anayeosha mabanda. Wao ndio wanaoona kwamba huyu hakula jana, kwamba yule anachechemea. Sentinele (mlinzi) ndiye anayekuta watoto wa mbwa wametupwa getini saa tisa ya usiku. Kwetu, mapokezi ya usiku ni karatasi moja ya Kiswahili yenye vibox vya kutia alama, na picha kwa simu; asubuhi inaingizwa kwenye programu pamoja na aliyeijaza, siyo bila yeye. Mambo ya kila siku, chakula, choo, kikohozi, yanajazwa palepale bandani kwa simu ya kituo. Mchague programu mbele ya watu hao. Mpe mzee simu, mwambie aandike kwamba mbwa wa banda la sita hajala, kisha ukae kimya umtazame. Akikwama kila hatua, programu hiyo si yenu, hata kama imesifiwa dunia nzima.

Kuhama kwenyewe kusiwe kwa kishindo. Msijaribu kuingiza kaye za miaka yote. Mtachoka kabla ya kufika nusu. Anzeni na wanyama walio hai ndani ya geti leo, halafu waliochukuliwa katika miezi kumi na miwili iliyopita, kwa sababu marudio ya chanjo yao yanakaribia na ndio ambao mtaulizwa habari zao. Kaye iendelee sambamba mwezi mzima au zaidi. Kila Jumamosi jioni mtu apite bandani na orodha iliyochapwa, ahesabu vichwa: waliokuwepo, ongeza walioingia, toa waliochukuliwa, waliotoka kwa njia nyingine na waliokufa. Hesabu isipolingana, itafutwe siku hiyohiyo kabla watu hawajasahau. Waliokufa waandikwe, na sababu iandikwe. Inauma kuandika, lakini usipoandika hutaona kwamba wengi wao walikuwa watoto wa wiki sita.

Kuhusu taarifa za watu: kuna majina, simu na nyumba za familia ndani ya mfumo huo, na sheria ya Kongo ya mambo ya dijitali ya Machi 2023 inalinda taarifa binafsi. Msitume orodha ya waliochukua wanyama kwenye WhatsApp ya wafadhili. Na mkiletewa nyani au sokwe mtoto, msimfungulie rekodi ya kuchukuliwa kama paka. Huyo ni mnyama wa porini na lazima ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi mazingira ya asili, wajulishwe. Mji huu una kituo cha J.A.C.K., kilichoanza mwaka 2006, kwa ajili ya sokwe walionyang'anywa wafanyabiashara.

Kabla ya kusaini chochote, omba kitu kimoja: nionyesheni jinsi ya kutoa taarifa zangu zote. Ifanyike mbele yako, faili ifunguke kwenye Excel, na picha ziwemo. Anayesita kukuonyesha leo hatakusaidia siku mtakapotaka kuondoka. Baada ya hapo, nakala ya kila jioni iende kwenye flashi mbili, moja ilale nje ya kituo, kwa sababu ordinateri huibiwa na paa huvuja. Mara moja kwa mwezi irudisheni nakala hiyo kwenye mashine nyingine muone kama inafunguka kweli. Watu wawili wajue nenosiri la msimamizi, na wasiwe wa nyumba moja. Liandikwe pia kwenye bahasha iliyofungwa kwa rais wa kamati, na libadilishwe kila mmoja wao anapoacha kazi.

Mnyama akitoka, mchapie karatasi moja: namba yake, picha, chanjo na loti, tarehe ya marudio, na simu ya kituo. Familia nyingi huiweka pamoja na kitambulisho cha kura. Ikitokea siku mtoto ameumwa, wataileta karatasi hiyo, na mtaanzia hapo.