Makochi yalisubiri, mama akapanda treni

Swali la wiki lilikuwa: pesa ikitumika kwa safari, sherehe na matembezi, inaleta furaha kuliko ikinunua vitu? Mimi naishi Mwanga, Kigoma mjini, na nina la kusema.

Mwaka 2018 zamu yangu ya mchezo, ule wa kuchangiana pesa kwa zamu, ilifika. Nilikuwa nimeshaelewana na seremala anitengenezee makochi. Mama yangu, aliyekuwa akikaa Ujiji, alikuwa na miaka kumi na mmoja hajamwona mdogo wake aliyeolewa Tabora. Hakuniomba kitu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, nauli ya treni siku hizi imefika ngapi?" Nikamwambia seremala asubiri.

Furaha ilianza kabla hatujaondoka. Wiki tatu nzima mama alikusanya zawadi: dumu la mawese, dagaa, migebuka iliyokaushwa kwa moshi, doti mbili za khanga. Kila jirani aliyepita barazani alielezwa safari upya. Ndani ya behewa hakulala. Marehemu babu alifanya kazi kwenye genge la reli, kwa hiyo kila tuliposimama, Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo, mama alikuwa na habari ya kunipa: hapa tulikaa, hapa kaka yenu mkubwa alizaliwa. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili, na mengi ya hayo nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Asubuhi mama mdogo alikuwa stesheni. Walishikana mikono, wakakaa hivyo muda mrefu bila kusema neno.

Mwaka uliofuata mama alifariki. Makochi niliyanunua baadaye. Vitambaa vimeshachanika, na siku yalipoletwa siikumbuki.

Watafiti wa Marekani, Leaf Van Boven na Thomas Gilovich, walichapisha mwaka 2003 kazi iliyoonyesha kwamba watu wengi hufurahia zaidi pesa waliyotumia kwa matukio kuliko waliyonunulia vitu. Kitu hukizoea, tena unakilinganisha na cha jirani. Safari unaendelea kuisimulia. Hapo nawaunga mkono kabisa.

Ila mwaka 2018 Jacob Lee na wenzake walionyesha kuwa hali hiyo inategemea mtu amesimama wapi. Wenye uwezo ndio hasa hufurahishwa zaidi na matukio. Kwa wenye kipato kidogo, vitu huleta furaha sawa au hata zaidi. Hao naona walitusema sisi. Anayewaambia watu wa hali ya chini waache vitu wakatembee, hajawahi kulala nyumba inayovuja.

Maana kabla ya treni kulikuwa na bati. Nyumba ya mama ilikuwa ya nyasi, na mwaka 2014 nilimwezekea bati. Ningempeleka Tabora akiwa bado analala kwenye matone, njia nzima angekuwa anawaza godoro lake. Kwa hiyo kwangu linatangulia lile linaloondoa adha, halafu watu, na makochi ya kuonyesha wageni yasubiri.

Mvua ya kwanza baada ya kuezeka ilinyesha usiku wa manane. Simu ikalia, nikashtuka nikidhani kuna msiba. Ni mama. "Sikiliza," akasema, akainua simu juu. Nilisikia mvua ikipiga bati, na yeye anacheka, hajatega sufuria hata moja. Tulikaa hivyo, mimi Mwanga yeye Ujiji, mpaka salio lake likaisha.