Maswali ya Wasomaji: Nilipe Ndipo Nikabebe Tofali?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayeishi Columbus, Ohio, ambako ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kanisa ninakosali linaandaa kundi litakalokwenda Malawi kwa wiki mbili kusaidia familia zenye kipato kidogo kujenga nyumba, kupitia shirika la Habitat for Humanity, nami nimealikwa. Kila anayekwenda anajilipia nauli na kutoa mchango wa mradi, na jumla yake inafika maelfu ya dola. Nilipomweleza mama yangu aliyeko Muheza alicheka, akaniuliza tangu lini mtu akalipa ili akabebe tofali. Je, si afadhali fedha hizo nizitume tu? Na mimi ambaye sijawahi kushika mwiko nitafanya kazi gani huko?
Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Dada yetu, swali la mama si la kuchekwa, na ni vyema ulipatie jibu kabla hujakata tiketi. Kimbunga Mitch kilipobomoa maelfu ya nyumba nchini Honduras mwishoni mwa mwaka 1998, makundi mengi ya makanisa kutoka Amerika Kaskazini yalikwenda huko kujenga. Mwanasosholojia Kurt Ver Beek, ambaye alikuwa akiishi nchini humo, alipopiga hesabu aliona kwamba nyumba moja iliyojengwa na wageni, ukijumlisha nauli na matumizi yao, iligharimu takriban dola 30,000, ilhali mashirika ya Kikristo ya wenyeji yalijenga nyumba ya namna hiyo kwa takriban dola 2,000. Tena alipozihoji familia, hakukuta tofauti ya maana kati ya waliojengewa na wageni na waliojengewa na Wahondurasi wenzao. Kwa hiyo, ikiwa lengo lako ni kupata kuta nyingi iwezekanavyo kwa kila dola, tuma fedha na ubaki Ohio.

Hata hivyo, hesabu hiyo inachukulia kwamba fedha zipo tayari zikingoja kutumwa, na mara nyingi sivyo ilivyo. Waumini wenzako watakaokuchangia wewe, kwa kuwa wanakufahamu na watakuuliza habari ukirudi, si lazima wangemchangia saruji mtu wasiyemjua aliyeko Malawi. Mchango wa mradi, ukiacha nauli, ndio unaonunua vifaa na kulipa mafundi, na kwa kweli huo ndio unaojenga. Mikono yako ni nyongeza. Nasema hivi si kukuvunja moyo. Ukilikubali hilo tangu mwanzo, utaacha kujiuliza kama una ujuzi wa kutosha na utaanza kuuliza jambo lenye uzito zaidi, yaani nyumba hiyo inajengwa kwa utaratibu gani na itabaki mikononi mwa nani.

Shirika ulilolitaja lilianzishwa mwaka 1976 mjini Americus, jimbo la Georgia, na Millard Fuller na mkewe Linda, lakini utaratibu wake ulikuwa umeshajaribiwa Afrika. Kuanzia mwaka 1973 wawili hao waliishi Mbandaka, mji ulio kando ya Mto Kongo katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wakiendesha mradi wa nyumba ambazo familia zilizilipia kidogo kidogo bila riba, na fedha zilizorudi zikatumika kujenga nyumba za wengine. Mpaka leo msingi ni huohuo: familia inachangia kwa jasho lake, na panapokuwa na mkopo huwa wa masharti nafuu. Kuna miradi mingine, hasa ya yatima, wazee na wagonjwa, ambamo familia haidaiwi chochote, na sioni ubaya wake, mradi ujue mapema ni ipi unayoiendea. Mwambie mama kwamba jambo hili linafanana na msaragambo anaoufahamu, yaani kazi ya pamoja ya kijiji: mwenye nyumba hakai kivulini akitazama wageni wakitoka jasho. Ukifika mahali ukakuta anatazama tu, ingawa ana afya na nguvu, uliza sababu.

Kuhusu kazi yenyewe, utakuwa saidia fundi, na hicho ni cheo cha kutosha. Fundi ndiye anayesimamisha pembe nne kwa timazi na pimamaji, kisha anavuta kamba kutoka pembe hadi pembe. Wewe utalowesha tofali za kuchoma ili zisinyonye maji ya udongo, utapokezana tofali na wenzako mkononi hadi mkononi, utachanganya udongo kwa sepeto na kuubeba kwenye karai. Siku ya pili au ya tatu huenda fundi akakupa mwiko ujaze kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, katikati ya pembe mbili. Jaza polepole, na kila tofali moja liulizie. Kuna Mmarekani aliyeandika mwaka 2014 kwamba alipokuwa mwanafunzi alikwenda Tanzania na wenzake kujenga maktaba ya kituo cha yatima, na kuta walizojenga mchana zilikuwa mbovu kiasi kwamba mafundi wenyeji walizibomoa na kuzijenga upya usiku wageni wakiwa wamelala. Kisa hicho huwachekesha watu, lakini mimi humfikiria zaidi fundi aliyefanya kazi mara mbili bila kuthubutu kusema. Hapo wewe una nafasi ambayo wenzako hawana. Umekulia katika nchi ambako fundi akikwambia "si mbaya" unajua kabisa kwamba ni mbaya. Wasaidie wenzako kulisikia hilo.

Hayati Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, ambaye alianza kujitolea katika ujenzi huu mwaka 1984 na kuendelea hadi alipopita umri wa miaka 90, alikuwa seremala hodari, ndiyo maana alikabidhiwa nyundo. Sisi wengine tukabidhiwe karai.

Kabla ya kulipa, muulize kiongozi wa kundi maswali machache, na usiridhike na jibu la "shirika linashughulikia". Kiwanja ni cha nani? Katika sehemu kubwa za kusini na kati mwa Malawi, ardhi hufuata upande wa mama na mara nyingi mume ndiye anayehamia kwa mkewe, kwa hiyo nyumba iliyojengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mume inaweza kumponyoka mjane siku mume akifariki. Uliza jina la nani limeandikwa, na kama mkuu wa kijiji na pande zote mbili za ukoo wanajua. Uliza pia kama mafundi wa kijiji hicho wanalipwa ujira wao wote siku mnazokuwepo, maana si haki kibarua wa huko kukosa riziki kwa sababu muuguzi kutoka Ohio amekuja kubeba tofali bure. Na uliza ni kiasi gani cha mchango wako kinafika kwenye mabati na saruji. Kiongozi mwenye majibu atakupa tarakimu. Asiye nayo atakupa picha za watoto wanaotabasamu.

Mengine ni ya kawaida, ila moja husahauliwa sana na watu wetu walioko ughaibuni. Aliyekulia Muheza akaishi Marekani miaka mingi hupoteza sehemu kubwa ya kinga aliyokuwa nayo dhidi ya malaria, kwa hiyo usiache dawa za kujikinga kwa kudhani mwili wako bado unamjua mbu. Hakikisha pia chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati, kwa sababu misumari na mabati hayachagui. Kama bado unatumia pasipoti ya Tanzania, angalia masharti ya viza kwa pasipoti hiyo, wala usifuate yale ya wenzako wenye pasipoti ya Marekani.

SWALI: Mimi ni mwashi hapa Kisumu. Nimetumiwa tangazo kwenye simu linalosema kwamba wanatafutwa watu wa kujitolea kujenga nyumba za bei nafuu nchini Kanada, kwamba watalipwa mshahara mnono kila mwezi, na viza itatoka baada ya wiki mbili. Ninatakiwa kutuma ada ya usajili kwa M-Pesa kwenye nambari ya mtu binafsi. Je, nitume?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Usitume, ndugu. Anayejitolea kwa ujenzi wa namna hii halipwi mshahara. Kama ulivyosoma hapo juu, mara nyingi yeye ndiye anayelipa. Tangazo linalochanganya kujitolea na mshahara mnono limeandikwa na mtu anayejua kwamba unatafuta kazi. Viza ya Kanada hutolewa na serikali ya Kanada peke yake, na hakuna wakala awezaye kukuahidi itatoka wiki gani. Shirika la kweli nalo halipokei ada kwenye nambari ya simu ya mtu mmoja. Ikiwa kuna mwenzako aliyekwisha kutuma, apige simu kwa kampuni ya simu mara moja kuomba fedha zizuiwe, kisha aandikishe taarifa polisi akiwa ameuhifadhi ujumbe wote.

Ikiwa nia yako ni kujitolea, Habitat for Humanity imekuwepo Kenya tangu mwaka 1982, na mwashi mwenye ujuzi ana manufaa zaidi kwenye mradi kuliko kundi zima la wageni. Ikiwa nia yako ni ajira ya nje, na hilo si jambo la kuonea haya, anza na mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ili ujuzi wako uwe na cheti, kisha mtafute wakala aliyemo kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Jina lisipokuwemo kwenye orodha hiyo, usimpe hata nakala ya kitambulisho chako.