Maji Hayakujaa Saa Sita: Majibu kwa Wasomaji wa Riwaya za Upelelezi

Barua za safari hii, nyingi kutoka Lamu na chache kutoka Malindi, zinahusu riwaya za upelelezi, na karibu zote ni za malalamiko. Majina ya vitabu vinavyolalamikiwa tumeyafuta. Si kwamba tunawaogopa waandishi: ukionyesha kosa lilipo, mara nyingi umeshamtaja muuaji, na kuna mtu hivi sasa yuko ukurasa wa hamsini.

Ndugu mhariri, katika riwaya niliyoimaliza juzi, maiti inatupwa mkondoni mbele ya mji wa Lamu saa sita ya usiku. Mbalamwezi ni kama mchana na maji yamejaa mpaka ngazi za juu za gati. Alfajiri hiyo hiyo maiti inaokotwa Shela. Inspekta anamnasa muuaji kwa hoja kwamba maji yalikuwa yamejaa, kwa hiyo mashua yake iliweza kuondoka. Jirani yangu nahodha alisoma sura hiyo akacheka. Alichekea nini? — Msomaji, Langoni

Alichekea mambo mawili, na la kwanza halisameheki.

Mbalamwezi ya kutosha kama mchana saa sita ya usiku ni ya mwezi mpevu, tarehe 14 au 15 ya mwezi wa Kiislamu. Siku hizo na zile za mwezi mwandamo ndizo zenye bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana. Sasa, kwenye pwani yetu, maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Hilo halibadiliki, ni desturi ya maji ya huku. Kwa hiyo saa sita ya usiku wa mwezi mpevu maji yana muda wa saa mbili tu tangu yaanze kupanda. Tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni kama mita 3. Ngazi za juu alizozitaja mwandishi zilikuwa kavu, na muuaji wake angekuwa amesimama kwenye tope.

Angeweza kuiokoa sura hiyo kwa hesabu ndogo. Maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Ukianzia saa kumi alasiri ya mwezi mpevu, ukasogea siku tisa hivi, maji yanajaa karibu na saa sita ya usiku. Hiyo ni tarehe 24 au karibu yake, na usiku huo mwezi hauchomozi mpaka saa saba au saa nane. Giza totoro, maji yamejaa: muuaji mwenye akili angeuchagua usiku huo, si ule wa mwezi mpevu ambapo kila mtu aliyelala darini anamwona. Hasara yake ni moja. Siku hizo ni jirani na za maji mafu, kinyume cha bamvua, kwa hiyo maji yanajaa kwa kadiri tu, na ngazi za juu hayazifiki. Kama mwandishi anang'ang'ania mwezi, basi aiweke tarehe 9 au 10, maji yakijaa karibu na saa ileile, mwezi ukiwa umeinamia magharibi.

Jambo la pili ni maiti. Mtu aliyekufa akatupwa majini kwa kawaida huzama kwanza. Huelea baadaye, hewa ya kuoza ikijaa tumboni, na katika maji ya joto kama yetu hilo huchukua siku mbili tatu hivi, wakati mwingine zaidi. Saa tano hazitoshi. Hili tungelisamehe kama angemfunga marehemu kwenye dumu tupu au boya. Hakufanya hivyo.

Wapo watakaosema ni riwaya tu, tunatafuta nini. Kipimo chetu ni hiki: kosa likiwa kwenye mapambo, lipite. Mwandishi akimvalisha mtu kikoi cha rangi isiyokuwapo sokoni, hakuna aliyedhulumiwa. Lakini hapa inspekta amejenga hoja yake yote juu ya maji kujaa. Maji yakiwa yamepwa, mshitakiwa yuko huru, na msomaji wa Langoni aliyejua hivyo tangu sura ya tatu hakupewa nafasi ya haki ya kutegua kitendawili.

Chumba cha ghorofani, nyumba ya kale ya Mkomani, mlango una komeo kwa ndani, marehemu yuko peke yake. Mwandishi anasema muuaji alilivuta komeo kutoka nje kwa uzi uliopenya katikati ya mbao mbili za mlango. Naona si sawa lakini siwezi kueleza kwa nini. — Msomaji, Mkomani

Ni kwa sababu ya mfaa. Mlango wetu wa mbao mbili una ule ubao wa katikati uliopigiliwa kwenye ubao mmoja, nao unafunika mwanya pale zinapokutana. Uzi ukipita hapo unabanwa, hautelezi. Na komeo la mti ni zito, linaburura. Halivutwi kwa uzi wa kushonea.

Kuna na jingine katika kitabu hicho ambalo hukulitaja. Chumba kinaelezwa kuwa na upana wa mita sita. Dari la nyumba ya kale limelala juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba: mita mbili na nusu, tatu ukibahatika. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Tena misana, zile kumbi za nyumba hizo, ule wa tini (chini) na ule wa yuu (juu), ilikuwa wazi kuelekea kiwandani, yaani uani, na kutengwa kwa mapazia. Mlango wa kufunga ulikuwa wa chumba cha ndani kabisa. Mwandishi anayetaka chumba kilichokomewa akitafute huko.

Njia nzuri ya kumtoa muuaji ilikuwa mbele ya macho yake: wikio. Chumba kinachopita juu ya njia na kuunga nyumba mbili, au dari tambarare zinazogusana ukuta kwa ukuta, vinamtoa mtu nyumba ya pili bila kukanyaga njia. Sharti ni kwamba wikio litajwe mapema, katika sura za mwanzo, kwa maneno ya kupita tu. Ukilileta ukurasa wa mwisho umedanganya.

Shahidi anasema alimwona mshitakiwa "usiku wa Ijumaa". Polisi kutoka bara anaandika Ijumaa saa tatu usiku. Mwisho wa kitabu mambo yanageuka kwa sababu ya maneno hayo. Mwanangu anasema ni ujanja wa bei rahisi. — Mama wa Shela, Lamu

Hapana, Bi. Huo ni ujanja mzuri kuliko mwingi tuliousoma, na hauwezi kuandikwa katika lugha nyingine kwa utamu uleule. Kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza jua linapotua, basi usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jioni kwa kalenda ya ukutani. Shahidi na polisi wamesema kweli wote wawili, na bado kuna saa 24 kati yao. Mwanao aangalie kama shahidi ameonyeshwa mapema kuwa mtu wa hesabu ya zamani. Kama yupo mahali anasema "kesho usiku wa Ijumaa, tusome Yasini" siku ya Jumatano, mwandishi amelipa deni lake.

Kosa la saa lililo baya ni la wafasiri: saa mbili usiku ikageuka saa nane kwa kuwa kitabu cha asili kimeandika 8. Ukiona watu wa riwaya wanakula chakula cha jioni saa nane, punguza sita kabla ya kumshuku mtu yeyote.

Je, riwaya ya upelelezi ikiwa na jini ndani yake bado ni ya upelelezi? Na vitabu vya mpelelezi Bwana Msa visomwe kwa mpango gani? — Msomaji, Malindi

Ronald Knox, padri wa Kiingereza aliyekuwa mwandishi wa riwaya hizi, mwaka 1929 aliandika amri kumi za upelelezi. Mojawapo inakataza kabisa mambo ya kimiujiza katika ufumbuzi. Nyingine inataka muuaji awe ametajwa mapema, na nyingine inakubali njia ya siri moja tu, isizidi. (Wikio, basi, hata Knox angelipitisha.)

Lakini kuwapo kwa jini katika vinywa vya watu si kosa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mtunzi wa vitabu hivyo vya Bwana Msa, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alilijua hilo barabara. Mzimu umo katika jina la kitabu chake cha kwanza na umo katika hofu ya watu wake, ila anayetafutwa ni binadamu mwenye sababu ya kibinadamu. Watu wakiogopa mahali, hapo ndipo pazuri pa kuficha kitu; mwandishi anaitumia hofu kama pazia. Jini akishika kisu mwenyewe, hapo umetoka kwenye upelelezi umeingia kwenye hekaya, ambayo nayo ina ladha yake.

Mpangilio: *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976) na *Kosa la Bwana Msa* (1984). Kila kimoja kinasimama peke yake. Hata hivyo anza na cha kwanza, kilichoshinda shindano la uandishi la 1957 hadi 1958 kabla ya kuchapishwa, na hicho cha mwisho kiache mwisho. Jina lake halina ladha kwa mtu ambaye hajamzoea Bwana Msa akipatia. Wanaolalamika kwamba ana kiko na rafiki wa kumuuliza maswali kama Sherlock Holmes hawakosei, lakini wanapoteza muda. Sikiliza watu wake wanavyozungumza, kejeli na mafumbo, uone kama kuna Mwingereza hapo.

Mpelelezi yuko juu ya gati la Malindi mwezi wa Desemba baada ya mvua, anaona kisu chini ya maji, pima tatu. Yawezekana? — Mvuvi, Malindi

Wewe unajua jibu, umetutega. Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini ya mji. Mvua za vuli zikiujaza udongo, upepo wa kaskazi unausukuma udongo huo kusini, kwenye ghuba ya Malindi, na maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Wakati wa kusi udongo huelekea kaskazini. Kisu hicho kionekane Agosti, labda.

Mtu anaonja kipande kimoja cha bunju, yule samaki mwenye sumu, anaanguka na kufa papo hapo mezani. — Msomaji, Matondoni

Si hivyo. Sumu ya bunju huanza na ganzi ya midomo na ulimi, mara nyingi kati ya dakika 10 na 45, na huweza kuchelewa saa kadhaa. Kisha viungo hulegea, pumzi hukata, na mgonjwa mara nyingi anazo fahamu zake. Kupika hakuiondoi, na dawa ya kuiua sumu hiyo haipo. Hospitali husaidia pumzi mpaka mwili uitoe. Kwa mwandishi huo ndio utajiri: mgonjwa anayesikia kila kinachosemwa na hawezi kujibu. Ameutupa kwa kumwangusha haraka.

Kumwandikia mwandishi kuna faida? — Msomaji, Faza

Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893. Wasomaji walikasirika, na mwaka 1903 alimrudisha akiwa hai. Faida ipo, ila yataka miaka kumi.

Kwa barua yenye matumaini ya kurekebisha toleo lijalo, iandikie kampuni ya uchapishaji: mwaka wa toleo, ukurasa, sentensi yenyewe ilivyo, kwa nini si sawa, na ingekuwaje ikiwa sawa. Kosa moja kwa barua moja. Mchapishaji hawezi kubadili sura nzima bila kupanga kurasa upya, lakini "usiku wa tarehe 14" kuwa "usiku wa tarehe 24" ni tarakimu moja. Usisahau kuangalia kama una toleo la karibuni, huenda limesharekebishwa.

Katika riwaya kuna barua inayodaiwa kuandikwa na mwanamke wa Lamu, Kiamu (lahaja ya Lamu) kitupu. Mpelelezi anagundua ni ya kughushi lakini mwandishi haelezi aligunduaje. — Mwalimu, Lamu

Umetunakilia mistari sita, inatosha. Mghushi anajua kwamba njia ni ndia, njaa ni ndaa, juu ni yuu, macho ni mato, vyombo ni zombo, na yote hayo kayaandika sawasawa. Aliponaswa ni kwenye maneno ya kuja, yaani ya mkopo. Akidhani kila j lazima igeuke y, ameandika "nipe yibu" na "yamaa zangu". Maneno yaliyotoka Kiarabu hayaendi hivyo. Mwamu husema jibu na jamaa kama watu wengine. Na mstari wa tano, akiwa ameshanogewa na kugeuza ch kuwa t, kamwandikia bibi huyo kwamba asubuhi alikunywa tai.