Barua kwa mwanangu: umeuliza panya, mimi nimemkumbuka bibi yako

Mwanangu, marahaba. Meseji yako ya Jumapili nimeisoma, halafu mama yako akanisomea tena kwa sauti maana miwani nilikuwa nimeikalia. Umeuliza kitu kimoja tu, kwamba profesa wako huko Marekani amekupa nafasi ya kufanya utafiti wa jeni za kisukari, yale maagizo ya mwili tunayorithi, kwa panya, sasa baba niichukue au nibaki kwenye malaria niliyozoea. Swali fupi. Jibu halitakuwa fupi, unanijua.

Ile makala uliyonitumia ya yule mzee Coleman, mtafiti wa panya, nimeisoma mara tatu kwenye simu, nimekuza maandishi mpaka neno moja linajaza kioo. Mkanada, ameenda Bar Harbor kule Maine mwaka 1958 kwenye ile maabara ya Jackson, akijua atakaa mwaka mmoja miwili atafute kazi sehemu nyingine, akakaa mpaka amestaafu 1991. Hapo tu nimempenda. Mimi pia niliingia kituoni, pale kwenye utafiti wa malaria, kama kibarua wa miezi mitatu, wa kufagia, na nimetoka na kiinua mgongo.

Na panya nawajua, wewe ndio shahidi, nguo zangu zilikuwa zinanuka maranda mpaka mama yako akawa anazifua peke yake. Wetu walikuwa wa kulisha mbu damu, hawakuwa na hadhi yoyote. Lakini nilichojifunza pale sijaona pa kukipinga mpaka leo, anayefagia kizimba ndiye anayemjua panya. Mtafiti anakuja na daftari anakuta panya yuko sawa, mimi nimeshajua toka juzi kwamba hayuko sawa maana hajagusa peleti zake za chakula au maranda yamelowa kabla ya siku ya kubadilisha. Kizimba kikilowa mimi ndio wa kwanza kuuliza, chupa inavuja au huyu anaumwa?

Sasa hao wa Coleman. Kuna wa aina mbili, wale waliotokea 1949 wanaitwa ob, wanene kama maandazi yaliyoumuka, na wale wa baadaye kidogo, 1966 ndio waliandikwa, wanaitwa db, nao wanene na sukari juu, wanakunywa maji na kukojoa kutwa. Ukiwaona wote unasema hawa walafi tu. Yeye akachukua panya wawili akawashona ubavu kwa ubavu damu ikawa inapita kwa wote wawili (hapa mama yako aliondoka, akasema sisikilizi). Akamshona db na panya mzima wa kawaida. Yule mzima akaacha kula, akakonda, akafa njaa chakula kiko mbele yake, na db anaendelea kunenepa. Akamshona db na ob, ob ndio akafa njaa. Akamshona ob na mzima, ob akapunguza kula. Basi mzee akakaa akafikiri, akasema kuna kitu kwenye damu kinachoambia ubongo inatosha, umeshiba. Ob hana hicho kitu lakini akiletewa anakisikia. Db anacho tele, ila hasikii. Hiyo ilikuwa 1973, na wengi hawakumwamini, walisema unene ni tabia tu, mtu afunge mdomo. Mpaka mtafiti Friedman wa kule chuo cha Rockefeller, New York, akaipata jeni yenyewe 1994, hiyo homoni wakaiita leptini, na mwaka uliofuata kipokezi chake, yaani sikio la mwili linaloisikia, kikapatikana. Miaka ishirini na moja mzee wa watu amekaa na jibu lake.

Mimi niliposoma hapo pa "afunge mdomo" nikaweka simu chini.

Unakumbuka ile kufuli ya kabati? Wewe ulikuwa darasa la tatu, 2001, bibi yako katoka Korogwe kuja kukaa kwetu baada ya babu kufariki. Akaanza kula usiku. Wali umeisha, mkate umeisha, asubuhi maandazi ya kwenu ya shule hayapo. Mtu mzima, na anapungua, kila siku kanga inamzunguka mara nyingi zaidi, na mimi nikaona huyu mama ni majonzi na uzee na ukaidi. Nikanunua kufuli. Na nilichomwambia mbele yenu, nadhani unakijua, nilimwambia mama mtu mzima unaiba maandazi kama mtoto? Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, nina njaa." Nikamjibu umekula sasa hivi.

Na hapo ndipo panaponiuma zaidi, maana wiki hiyohiyo dada wetu wa kazi alinifuata akaniambia baba, kule uani anapojisaidia bibi usiku sisimizi wamejaa, kila asubuhi nafagia na wanarudi palepale. Mimi nikamwambia mwagia mafuta ya taa.

Mafuta ya taa! Mimi ambaye kituoni natembea nawaambia madaktari wenye digrii zao anayefagia ndiye anayejua. Mtu anayefagia uani kwangu kaja kaniambia, kanieleza mpaka mahali penyewe, na mimi nampa dawa ya sisimizi. Mkojo wenye sukari unaita sisimizi, hata wazee wa zamani walilijua hilo, na mimi nilikuwa nalijua, sema nilikuwa nalijua kazini. Nyumbani nilikuwa mwenye kufuli.

Mwezi haukuisha akaanguka. Nesi akamtoboa kidole, mashine haikutoa namba, ikaandika HI, yaani imepita kipimo. Yaliyofuata unayajua, na vidole viwili vya mguu unavijua.

Sasa nisijidanganye. Bibi yako hakuwa panya wa ob wala wa db. Hata ile makala inasema watu wengi wanene leptini wanayo nyingi tu, mwili hauiitikii vizuri, na waliozaliwa hawana kabisa ni wachache sana duniani. Na bibi wala hakuwa mnene. Njaa yake ilikuwa nyingine, sukari iko kwenye damu lakini mwilini haiingii, inatoka na mkojo, mtu anakula na mwili uko kwenye mfungo. Kwa hiyo nikisema panya wa Coleman wamemsafisha bibi nitakuwa naongopa. Na maandazi alichukua kweli, na hata baada ya kuambiwa na daktari aliendelea kuficha miwa chini ya kitanda, tuseme ukweli. Lakini tena nani alimfundisha kuficha? Si ni mimi na kufuli yangu?

Halafu kuna kile kipande umekipigia mstari, nadhani ndicho kinachokuvuta. Kwamba jeni ileile ya db ukiiweka kwenye ukoo mmoja wa panya weusi, kongosho linaongeza nguvu, linatengeneza insulini nyingi, ile homoni ya kushusha sukari, sukari inapanda lakini panya anasukuma maisha. Ukiiweka kwenye ukoo mwingine wenye undugu nao wa karibu, kongosho linachoka, sukari inapita 400 kwa kipimo cha huko kwenu, kwa chetu ni kama 22, panya anakufa mapema. Kosa ni lile lile, ukoo ndio tofauti. Nimelisoma hilo nikamfikiria shangazi yako, mwili mkubwa kuliko wote na sukari yake 5 kila akipima, na mimi mwembamba niliyeanza vidonge nina miaka hamsini na mbili. Kwa hiyo unaponiuliza nichukue au nisichukue nahisi unauliza na lingine, kama kisukari na wewe kinakujia. Hilo sina jibu, pima kila mwaka.

Kitu kingine juu ya hiyo maabara, mwaka 1947 iliungua kwa moto mkubwa, panya wakateketea karibu wote, na watafiti wa sehemu nyingine waliowahi kupewa panya wa koo zile wakawarudishia mbegu. Nimelipenda hilo kupita kiasi, sijui kwa nini nakuandikia, basi tu.

Juzi nilimtafuta yule dada. Yuko Handeni, ana duka. Nikamwambia nilikukosea habari ya sisimizi. Akacheka, hakumbuki sisimizi wowote. Anachokumbuka ni kwamba usiku bibi alikuwa anamwamsha, anamkatia nusu ya andazi, wanakula gizani wote wawili. Miaka yote hii nimehesabu maandazi vibaya.

Haya, swali lako. Sitaki kukuamulia. Nikisema chukua utasema ni kwa sababu ya bibi, nikisema baki na malaria utasema baba anatetea mbu wake. Malaria ni yetu, inaua watoto wetu, na umeijua toka tumboni. Lakini kisukari nacho kimeshakuwa chetu, hapa mtaani kwetu nahesabu nyumba kumi, sita kati yake zina kidonge cha asubuhi. Unaona, nimeanza. Naacha. Ila ukichukua, usikubali uwe mtu wa kompyuta tu huko, omba zamu ya kubadilisha maranda mwenyewe, hata mara moja kwa wiki, na yule anayebadilisha siku nyingine umjue jina.

Mama yako amesoma mpaka hapa anasema nimeshakuamulia. Mimi nasema sijaamua. Hela ya vidonge uliyotuma imefika.

Baba